Mipaka ya Ukurasa wa Wavuti kama Msingi wa Programu: Funzo kwa Ngagara

Mkazi wa Ngagara, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, anapotuma pesa kwa Ecocash au Lumicash hahitaji kufungua ukurasa wa wavuti. Hubonyeza msimbo mfupi, hata bila intaneti. Chanzo cha hali hiyo ni cha kihistoria.

Tim Berners-Lee alipopendekeza wavuti mwaka 1989 katika taasisi ya CERN, Geneva, alikusudia kuunganisha nyaraka za watafiti. Itifaki iliyofuata haikumkumbuka msomaji: kila ombi kwa seva lilikuwa jipya. Vidakuzi (1994) na JavaScript (1995) viliongezwa baadaye. Hata hivyo, mipaka miwili ilibaki: ukurasa ulitegemea muunganisho wa kudumu, na kivinjari, kwa sababu za usalama, kiliuzuia kufikia sehemu nyingi za kifaa. Mwaka 2007 Apple iliwataka watayarishaji wa programu za iPhone watumie wavuti. Mwaka 2008 ikafungua duka la programu. Nchini Kenya, M-Pesa ilianza mwaka 2007 ikiwa menyu ndani ya kadi ya simu.

Leo ukurasa waweza kuhifadhi data na kutumika kwa muda bila mtandao, lakini ni lazima kwanza ufunguliwe kwa intaneti. Kwa hiyo, huduma ya umma itolewayo kwa ukurasa pekee humwacha nje mwenye simu ya kawaida. Sera ya haki haina budi kumwekea njia ya msimbo mfupi tangu mwanzo.