Tope Hukingwa Linakoanzia: Historia ya Maji ya Mvua Mbulu na Hanang

Mvua inaponyesha kwenye miteremko ya Mbulu na Hanang, kinachochafua maji kuliko vyote ni udongo. Hutoka kwenye shamba la mtu, kwenye uwanja wa nyumba ya mtu, kwenye njia ya ng'ombe wa mtu, ukashuka pamoja na samadi na taka hadi kwenye vijito, malambo na maziwa. Wilaya hizi zimehangaika na tope hilo kwa zaidi ya karne, na ukiifuata historia yake utaona kwamba limedhibitiwa vizuri pale tu mwenye eneo alipolikinga mwenyewe, akijua kazi ni yake na faida ni yake. Aliposhurutishwa, aliiacha kazi mara amri ilipolegea. Alipoondolewa, hakubaki wa kuifanya.

Ushahidi wa kwanza uko Kainam, kitovu cha Wairaqw, karibu na mji wa Mbulu. Huko wakulima walipiga matuta, wakachimba mitaro ya kupokea maji juu ya mashamba, wakaacha majani kwenye kingo, wakalisha ng'ombe nyumbani na kurudisha samadi shambani. Kwa muda mrefu wasomi walidai kwamba ustadi huo ulitokana na kubanwa: kwamba Wairaqw walizingirwa na Wamasai, wakakosa pa kwenda. Mwaka 2004 mtafiti Lowe Börjeson wa Chuo Kikuu cha Stockholm aliipinga hoja hiyo kwa kirefu, akaonyesha mandhari iliyojengwa kidogo kidogo, kazi ya msimu hadi msimu ya kaya zenyewe. Nakubaliana naye. Mtaro hauchimbwi mara moja ukasahauliwa. Huzibuliwa kila mwaka, na anayeuzibua kila mwaka ni yule ambaye mahindi yake yatasombwa asipofanya hivyo.

Serikali ya kikoloni ilipokuja na mpango wake wa maendeleo wa Mbulu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilitanguliza amri: ng'ombe wapunguzwe, ardhi ilimwe kwa kanuni. Katika miaka hiyo amri za namna hiyo zilitolewa kwingi Tanganyika, na kule Uluguru mwaka 1955 matuta ya kulazimishwa yalizua ghasia, mpango ukafa. Atakayetaka kunipinga atataja Kondoa, jirani zetu wa kusini, ambako mradi wa kuhifadhi ardhi wa HADO ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo zaidi ya 80,000 ikaondolewa kwa amri. Majani yalirudi, hilo ni kweli na halipaswi kufichwa. Lakini mifugo ile ilihamishia mzigo wake maeneo mengine, na kufikia mwaka 1989 ikabidi wenyeji waruhusiwe kufuga tena, safari hii ng'ombe wakilishwa zizini, jambo ambalo Kainam walikuwa wakilifanya siku nyingi.

Hanang iliona upande mwingine wa jambo hilo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO yalifunguliwa Basotu kwenye malisho ya wafugaji wa Kibarbaig. Ngano ilipatikana kwa wingi. Ila ardhi iliyokuwa chini ya nyasi mwaka mzima ikaachwa wazi mvua zilipoanza, makorongo yakachimbika, na waliokuwa wakiijua kila njia ya maji hawakuwa tena na sauti juu yake.

Kisha ikaja tarehe 3 Desemba 2023. Sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka, tope na mawe vikashuka Gendabi na Katesh, watu 89 wakafariki. Wataalamu wa serikali walieleza kuwa miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua hadi ikameguka. Kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza: mitaro ya wananchi ingefaa nini? Kwa mmeguko ule, haingefaa kitu, na kudai vinginevyo ni kuwadhulumu marehemu. Lakini tope lilifuata mabonde na mikondo ya maji, na huko ndiko uamuzi wa mwenye kiwanja unakohusika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto. Haiwezi kulindwa na afisa mmoja wa wilaya ikiwa majirani wenyewe hawaoni faida yake.

Basi halmashauri za Mbulu na Hanang zisiishie kwenye katazo. Mwombaji wa kibali cha ujenzi aulizwe maji ya bati lake yataelekea wapi, kisha asaidiwe: mbegu za majani ya kingo, vipimo vya mtaro, mkopo nafuu wa tangi, ushauri wa shimo la kunyonya maji. Na wanapotafutwa walimu wa kazi hiyo, wakulima wa Kainam waitwe kwanza.