Askari Aliyekaa Ndani ya Java
Java ilipotoka mwaka 1996, ilikuja na ahadi tamu: endesha programu ya mtu usiyemjua, na haitagusa faili zako. Mwaka 1998, toleo la 1.2 likaenda mbali zaidi. Likaleta faili ya sera, ambamo mwenye mfumo anaandika ruhusa moja moja: huyu asome folda hii, yule aruhusiwe kuzima programu. Msimamizi wa haya yote aliitwa Security Manager. Sisi tumwite askari.

Sasa chukua Derby. Ni hifadhidata iliyoanzia kwenye kampuni ya Cloudscape huko California, ikapita mikononi mwa Informix na IBM, na mwaka 2004 IBM ikaikabidhi Apache Software Foundation. Inaweza kuendeshwa bila seva yake yenyewe, ikaishi ndani ya programu yako, chumba kimoja, sufuria moja. Hapo ndipo kazi ya askari huwa ngumu. Derby lazima isome na kuandika faili, na tena hugeuza maswali ya SQL kuwa msimbo wa Java na kuupakia papo hapo. Hiyo ni ruhusa nzito bana, si ya kumpa kila mpangaji. Basi waliounda Derby wakazungushia sehemu hizo kwa doPrivileged: Derby ikawa na ruhusa, programu inayoiita isiwe nayo.

Na hatari ilikuwa ya kweli. Derby inakubali taratibu zilizoandikwa kwa Java ziitwe kutoka SQL. Anayeweza kuziandikisha anaweza kuingiza amri ya kuzima kila kitu. Toleo la 10.3, mwaka 2007, likaanza kumweka askari lenyewe kwenye seva yake ya mtandao.

Lakini faili ya sera ni kazi ya kuchosha. Ukisahau mstari mmoja programu inagoma, na bosi anasubiri. Dawa ya haraka ilijulikana: andika AllPermission, kwisha. Askari yupo getini, ameambiwa apitishe kila mtu.

Mwaka 2021, JDK 17 ikatangaza kwamba ataondolewa. Machi 2025, JDK 24 ikamzima kabisa. Ulinzi umehamia nje, kwenye mfumo endeshi na kontena. Huko nje, Derby na programu iliyoibeba ni mtu mmoja tu: folda ukimfungulia mmoja, umewafungulia wote wawili.