Manowari za 3D: picha zilizotikisa sebule miaka 100 iliyopita

Wadau, ukisikia 3D akili inakimbilia sinema na ile miwani yake. Kumbe miaka 100 na ushee iliyopita watu wa Marekani na Ulaya walikuwa wanakaa sebuleni kwao wanaangalia manowari kama vile ziko mbele yao kabisa. Picha hizo zinaitwa stereografu.

Zinafanyaje kazi? Macho yetu yamepishana kama sentimita 6.5, hivyo kila jicho linaona kitu kwa pembe yake. Ubongo unaunganisha yale mawili, ndipo unajua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Charles Wheatstone wa Uingereza alilieleza hilo mwaka 1838. Kamera ya stereo ilikuwa na lenzi mbili na kutoa picha pacha, zikabandikwa kwenye kadi moja ya upana wa sentimita 18 hivi. Unaiweka kwenye stereoskopu, unachungulia, basi! Stereoskopu ya mkononi ya Oliver Wendell Holmes wa Marekani haikuwekewa hataza, kwa hiyo kila fundi aliitengeneza na ikaenea. Kufikia mwaka 1901 kampuni ya Underwood & Underwood pekee ilikuwa inatoa kadi 25,000 kwa siku. Si mchezo!

Sasa tuje kwenye manowari. Tarehe 16 Desemba 1907 Rais Theodore Roosevelt alikagua manowari 16 pale Hampton Roads, Virginia, zikianza safari ya kuzunguka dunia. Zilipakwa rangi nyeupe pee, ndiyo maana zikaja kuitwa Great White Fleet, yaani Msafara Mkuu Mweupe. Mizinga 21 ya heshima, bendera kila kona, mabaharia wamejipanga kwenye kingo. Zilitia nanga San Francisco, Sydney, Yokohama na kwingineko, zikarudi tarehe 22 Februari 1909. Wapiga picha wa stereo hawakukosa.

Ila kulikuwa na shida moja. Meli ikiwa mbali, macho yote mawili yanaiona karibu sawasawa, kwa hiyo picha inalala bapa. Mpiga picha mjanja alipanda sitahani, akaweka mdomo wa mzinga au kundi la mabaharia karibu na kamera, zile meli nyingine zikabaki nyuma. Hapo mtazamaji anajihisi naye yumo melini.

Na hapa ndipo pa kuwa makini. Kina kile kiliifanya picha iaminike kuliko picha ya kawaida, lakini kuna mambo hayakuonekana. Uingereza ilishaingiza kazini HMS Dreadnought mwaka 1906, yenye mizinga mikubwa 10, wakati kila manowari ya msafara huu ilikuwa na 4 tu ya namna hiyo. Yaani zile meli zilizokuwa zinashangiliwa bandarini zilikuwa zimeshapitwa na wakati! Pia Marekani haikuwa na meli za kutosha za kubeba makaa ya mawe, ikategemea za kigeni, nyingi za Waingereza. Hao wakigoma, msafara unakwama. Baada ya kurudi, rangi nyeupe ikafutwa, zikapakwa kijivu cha vita.

Kwa hiyo mdau, ukiona gwaride la silaha, liwe kwenye kadi ya zamani au kwenye video ya leo, jiulize: mpiga picha amesimama wapi, na kipi kimeachwa nje ya fremu?

Unataka kujaribu mwenyewe? Maktaba ya Bunge la Marekani (Library of Congress) imeweka stereografu nyingi mtandaoni, bure. Fungua moja, ipunguze mpaka umbali kati ya katikati ya picha hizo mbili usizidi sentimita 6, halafu legeza macho kama unaangalia kitu kilicho mbali nyuma ya kioo cha kompyuta. Utaona picha tatu. Ile ya katikati ndiyo yenye kina. Mara ya kwanza inasumbua, usikate tamaa.

Ukifanikiwa, tuambie hapo chini umeona nini.