Kabari ya Agui

Nikiwaambia watu wa Nairobi kwamba kwetu ni Konoin, kule Bomet, swali la kwanza huwa lilelile: "Kwa hivyo ulikua ukichuma chai?" Nawajibu ndiyo, wakati wa likizo, na sikuwa hodari. Lakini agui wangu, yaani baba yake baba, alifanya kazi kiwandani miaka 13 na hakuchuma hata jani moja. Yeye alipasua kuni.

"Kuni? Za nini sasa?" rafiki yangu aliniuliza siku moja tukiwa kwa kibanda huko River Road. Mkononi alikuwa ameshika kikombe cha chai.

Nilitaka kumcheka, halafu nikakumbuka kwamba hata mimi historia ya chai niliijua kwa upande wa jani tu. Shuleni tulikariri kwamba chai ya kwanza nchini ilipandwa Limuru mwaka 1903, na kwamba kampuni kubwa kama Brooke Bond na James Finlay zilikuja Kericho katikati ya miaka ya 1920. Kuni hazikutajwa popote.

Basi ni hivi. Jani bichi la chai ni maji kwa sehemu kubwa. Ukitaka kilo moja ya majani ya dukani, unahitaji zaidi ya kilo nne za majani mabichi. Yananyaushwa, yanakatwakatwa, yanaachwa yabadilike rangi, kisha yanakaushwa mpaka unyevu unaobaki ni kama asilimia 3 tu. Maji hayo yote hayaondoki kwa maombi. Yanaondolewa na joto, joto linatoka kwa mvuke wa boila, na boila za viwanda vyetu kwa miaka mingi zimelishwa kuni. Ukipanda matatu kutoka mjini Kericho kuelekea Litein, angalia nyuma ya yale mashamba ya kijani ambayo kila mtu anayapiga picha. Ile miti mirefu iliyosimama kwa mistari ndiyo jiko la chai yako.

Miti yenyewe si ya huku. Mkaratusi, ambao wazee wetu wanauita blugamu, asili yake ni Australia, na uliletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya reli. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, ikiwa imepita Londiani na Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, zote mbili katika kaunti ya Kericho. Injini zake zilikula kuni, na misitu ya asili kando ya njia ikaanza kuisha. Serikali ikatafuta mti unaokua haraka, mti ambao ukiukata unachipuka tena kwenye kisiki. Baadaye treni zilihamia mafuta, lakini kufikia wakati huo blugamu ilikuwa imeshapata mwajiri mwingine.

Na shamba la kuipanda lilikuwa la nani? Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwagawia maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemaa vitani ardhi ya Wakipsigis huko Kericho ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Ikaingia kwenye chai, na pembeni mwa chai ikapandwa miti ya kuikausha.

Si kwamba watu wetu hawakujua shoka. Shoka la zamani lilikuwa na ncha nyembamba nyuma ya bapa, na ncha hiyo ilipenyezwa kwenye kichwa kinene cha mpini. Kila ukipiga, chuma kinazidi kujikaza ndani ya mti. Shoka la dukani limegeuza mambo: tundu liko kwenye chuma, na mpini ndio unaoingia. Usipoukaza vizuri, kichwa kitaruka siku moja na kumpata mtu.

Lakini kuni za nyumbani hazikuhitaji kazi ya kupasua kutwa nzima. Kogo, bibi yangu, hadi leo akipika kwa mafiga anaingiza ncha ya gogo motoni, na likiungua analisukuma kidogo. Gogo linaweza kukaa hapo siku mbili. Boila haina subira hiyo. Ina mlango wa kipimo fulani, na inataka vipande vilivyokatwa sawa na kupasuliwa ili viungue vizuri. Hapo ndipo kupasua kukawa ajira, na mwanamume kama agui akawa anaamka saa kumi na moja alfajiri na nyundo begani.

Aprili iliyopita nilimwomba anifundishe. Agui ana zaidi ya miaka 80, kwa hivyo yeye alikaa kwa kigoda na mimi nikawa mikono.

"Usianze kupiga," alisema. "Kwanza soma."

Kusoma ni kuangalia uso wa gogo pale lilipokatwa. Blugamu ikikatwa hujipasua yenyewe kidogo, nyufa zikitoka kwenye kiini kwenda pembeni. Unafuata ufa ambao tayari upo. Unakwepa fundo, kwa sababu pale tawi lilipoota nyuzi zimejisokota na kabari itakwama. Unaisimamisha kabari kwenye ufa, unaigonga polepole mpaka ishike, ndipo unainua nyundo kubwa. Ya kwanza ikizama, ya pili inaingia kwenye mwanya uliofunguka na kuiachilia ile ya kwanza. Na usingoje gogo likauke. Blugamu mbichi inakubali. Ikikauka inakuwa jiwe.

Niligonga kama mara 30 bila chochote. Halafu sauti ikabadilika, ikawa nzito, na agui akasema "sasa" kabla mimi sijaona kitu. Pigo lililofuata, gogo likaachana lenyewe. Bandu bandu huisha gogo, wanasema, lakini aliyesema hivyo hakuwa analipwa kwa rundo.

Agui alilipwa kwa rundo: mita moja kila upande, mita moja kwenda juu. Karani alikuja na kijiti cha kupimia, akasukuma rundo kwa mguu. Likishuka, unaongeza.

Kabari ikigongwa miaka mingi, kichwa chake huchanua kama uyoga na kingo zake hupasuka. Siku moja mwaka 1984, kipande cha ukingo huo kiliruka kikaingia kwenye jicho lake la kushoto. Alikuwa kibarua, hakuwa na barua ya ajira wala miwani ya kujikinga. Hakurudi kazini. Rundo la wiki hiyo lilikuwa halijafika mita moja, kwa hivyo hakulipwa.

Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilipochomwa moto Kericho, tulikuwa tunatazama habari pamoja. Nilimuuliza kama kwao pia watu walipinga mashine ya kupasua kuni ilipokuja. Alifikiri kidogo. "Sisi tulikuwa wachache," alisema, "na tulikuwa nyuma ya kiwanda."

Kabari yake bado ipo. Binamu yangu alitaka kuiuza kwa watu wa vyuma chakavu, agui akakataa. Siku ile ya mafunzo, nilipoinua nyundo kuanza gogo la pili, aliniambia ningoje. Alinyoosha mkono akapapasa kichwa cha kabari kwa kidole gumba, kuzunguka pande zote, taratibu.

"Imeanza kuchanua," alisema. "Ipeleke kwa fundi aisage kwanza."

Nikaenda nayo hadi sentani, kwa fundi wa kuchomelea mageti. Alitumia dakika tano. Alinitoza shilingi 50.