Guillaume de Machaut na Kitabu Chake cha Nyimbo



Historia ya kwaya yetu mmekwisha kuisoma katika kurasa zilizotangulia. Sisi wa ofisi ya katibu tuliomba nafasi ndogo tuzungumze juu ya kitabu kimoja cha zamani kilicho Ufaransa, kitabu ambacho hatujakiona kwa macho na huenda hatutakiona. Tuna sababu ya kukileta katika jubilei yetu, na msomaji akitufuata hadi ukurasa wa mwisho ataijua.

Tuanze na jambo ambalo kila mwanakwaya analijua. Mwalimu akituambia, "Jumapili tunaimba misa ya fulani," hakuna anayeuliza maana yake. Tunajua kwamba Utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu na Mwana-Kondoo vitatoka kwa mtunzi mmoja, na kwamba sauti zote nne zina kazi. Tumezoea hivyo hata tukadhani Kanisa limeimba namna hii tangu siku za mitume. Sivyo. Kwa karne nyingi nyimbo za misa ziliimbwa kwa sauti moja, bila jina la mtunzi. Hata watu walipoanza kuziimba kwa sauti kadhaa, walitunga kipande hiki leo na kile miaka mingi baadaye. Iko misa ya karne ya 14 inayoitwa Misa ya Tournai, kwa jina la mji ulio Ubelgiji ya leo. Ni ya sauti tatu na ina sehemu zote, lakini ziliokotwa huku na huku. Nyingine ni za kizamani, nyingine za mtindo mpya, na hakuna ajuaye ni nani alizitunga. Ni kama zile Jumapili ambazo sisi wenyewe huchukua Utukufu wa huyu na Mtakatifu wa yule kwa sababu muda wa mazoezi haukutosha.

Mtu wa kwanza tunayemjua kwa jina aliyetunga misa nzima kwa sauti nne ni Guillaume de Machaut, kanoni wa kanisa kuu la Reims, kaskazini mashariki mwa Ufaransa. Kanoni ni mmoja wa wakleri wanaounda baraza la kanisa kuu na wenye wajibu wa kusali na kuimba humo. Misa yake huitwa Misa ya Bibi Yetu, yaani ya Mama Maria.

Alizaliwa karibu mwaka 1300. Kabla ya kukaa Reims alikuwa katibu (sisi tulifurahi tulipolisoma hilo) wa Yohane wa Luxembourg, mfalme wa Bohemia, mtu asiyetulia mahali, ambaye maisha yake yalikuwa safari na vita. Guillaume alizunguka naye Ulaya. Mwaka 1337 akapata kiti chake Reims. Miaka tisa baadaye mfalme huyo, akiwa sasa kipofu, aliuawa katika vita vya Crécy. Halafu ikaja tauni ya 1348 na 1349 iliyofagia watu kote Ulaya, na Guillaume mwenyewe anasimulia katika shairi lake moja refu jinsi alivyojifungia nyumbani mpaka ilipopita. Kisha majira ya baridi ya 1359 kuingia 1360, mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza akauzingira mji wa Reims na jeshi lake. Mji haukuanguka. Lakini mtu aliyeona hayo yote alijua kwamba waimbaji hufa wakiwa na nyimbo zao kichwani, na kwamba karatasi huungua.

Sasa tuje kwenye kitabu. Guillaume alikuwa mshairi mkubwa kuliko alivyokuwa mtu wa misa. Alitunga mashairi marefu ya hadithi, mashairi mafupi zaidi ya 200, na nyimbo nyingi, kubwa kwa ndogo. Watunzi wengi wa wakati wake nyimbo zao zilitawanyika katika vitabu vya watu wengine, mara nyingi bila jina. Yeye alitaka zote ziwe pamoja, katika kitabu kimoja chenye mpangilio wake. Vimebaki vitabu kadhaa vya namna hiyo, vilivyotengenezwa kwa ajili ya wakubwa. Kimoja kilikuwa mali ya mtawala Jean wa Berry. Kinachotuvutia sisi kiko katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris, namba 1584 kati ya vitabu vya Kifaransa vilivyoandikwa kwa mkono. Kilinakiliwa katika miaka ya 1370, Guillaume akiwa mzee.

Tusifikirie kitabu cha dukani. Kurasa zake ni ngozi ya mnyama iliyokwanguliwa na kulainishwa. Mwandishi alipiga mistari na kuandika maneno, akiacha nafasi za nota na za picha. Nota zikaja baadaye, nyeusi juu ya mistari myekundu, na wachoraji wakajaza nafasi zao, nyingi zikiwa picha za rangi ya kijivu. Picha ziko zaidi ya 100. Mbili za mwanzo ni kubwa na nzuri kuliko zote. Katika moja, Maumbile amevaa kama malkia na anamletea Guillaume watoto wake watatu, nao ni Akili, Ufasaha na Muziki. Katika nyingine, Upendo anamletea Wazo Tamu, Furaha na Matumaini. Maana yake ni kwamba mtunzi hakujipa kipaji mwenyewe. Aliletewa mlangoni, akatakiwa kufanya kazi.

Penye orodha ya yaliyomo pana maneno machache yanayosema kwamba huu ndio mpangilio ambao Guillaume de Machaut anataka uwe katika kitabu chake. Katika enzi ambayo mtunzi wa kanisa hakutajwa, mtu huyu anasema "kitabu changu", na anaamuru nini kitangulie na nini kifuate. Wengine wataona ni majivuno, na labda yamo kidogo. Sisi tunaona zaidi mtu aliyechoka kuona kazi ikipotea. (Na hata hivyo wanakili hawakuifuata orodha sawasawa! Anayewahi kuandaa mpangilio wa nyimbo za sikukuu atamwonea huruma.)

Jinsi nota zilivyopangwa ni somo kwa kwaya yoyote. Katika karatasi zetu za solfa, sauti nne zimepangwa moja juu ya nyingine, hivyo alto anaona soprano anafanya nini. Katika kitabu hiki kila sauti imeandikwa peke yake, mahali pake katika ukurasa. Ukitaka kujua mwenzako yuko wapi, huna budi kumsikiliza. Sauti ya chini iliitwa tenor, kutoka neno la Kilatini la "kushika", kwa sababu ndiyo iliyoshika wimbo wa kale wa Kanisa kwa nota ndefu huku wengine wakijenga juu yake. Ndugu zetu wa teno, jina lenu lilianzia huko, na kazi yake ilikuwa kutotikisika. Besi wasikasirike, maana jina lao lilikuwa bado. Sauti ya nne iliitwa contratenor, nayo hupishana na tenor, mara juu mara chini.

Katika misa yake Guillaume anajua lini pa kuchangamka na lini pa kutulia. Katika Utuhurumie sauti zinasukana juu ya wimbo wa kale. Katika Utukufu na Nasadiki, ambako maneno ni mengi, sauti zote nne hutamka pamoja ili waumini wasikie. Lakini Utukufu unapofika jina la Yesu Kristo, na Nasadiki inapofika kwa Bikira Maria, mwendo unasimama, zinashikwa nota ndefu, kisha wanaendelea. Sehemu hizo mbili humalizikia kwa Amina ndefu ya kukata pumzi.

Si wote walipenda muziki wa namna hii. Miaka ya 1324 na 1325, Guillaume akiwa bado kijana, Papa Yohane wa 22 alitoa waraka kutoka Avignon akiwalaumu waimbaji wanaokatakata nyimbo na kukimbiza nota mpaka wimbo wa Kanisa hausikiki. Basi yule mzee anayelalamika kwamba vijana wameleta midundo kanisani ana wenzake wa zamani sana.

Katika kitabu hicho hicho limo shairi refu liitwalo Kisa cha Kweli, la miaka ya 1360, ambalo ndani yake mshairi mzee na binti kijana wanaandikiana barua na kutumiana nyimbo. Wataalamu wanabishana kama barua hizo ni za kweli au ni za kubuni. Kwa vyovyote zinasema mambo ambayo mtunzi tu angeyajua. Mahali pamoja mzee anasema hana desturi ya kutoa wimbo kabla hajausikia ukiimbwa. Anaomba wimbo wake ujifunzwe kama ulivyotungwa, bila kuongeza wala kupunguza. Na binti anapotaka kile kitabu kikubwa, anajibu kwamba hawezi kukituma sasa, kwa kuwa kimetawanyika katika vipande zaidi ya 20, kinatiwa nota kwa ajili ya mmoja wa mabwana zake. Tuliposoma hapo tulilitazama kabati letu.

Guillaume alifariki mwaka 1377. Ndugu yake Jean, kanoni wa Reims kama yeye, alikuwa ametangulia. Waliacha fedha ili misa ya Mama Maria iadhimishwe kila Jumamosi katika kanisa kuu kwa ajili yao, na wataalamu wengi wanaihusisha misa yake ya sauti nne na ibada hiyo. Bamba la kumbukumbu lililowekwa kanisani halipo tena. Maneno yake tunayo kwa sababu mtu fulani aliyanakili. Rafiki yake, mshairi Eustache Deschamps, aliandika maombolezo, na mtunzi aitwaye F. Andrieu akayatia muziki wa sauti nne. Huyo Andrieu hajulikani kwa lolote jingine. Wimbo mmoja, katika kitabu kimoja kilichohifadhiwa Chantilly, ndio uliolileta jina lake kwetu, tena jina la kwanza likiwa herufi tu.

Sababu yetu sasa mnaiona. Katika kabati la kwaya zimo karatasi za miaka 50: za stensili zilizofifia, za mkono, za mashine ya taipu, na za kompyuta. Nyingi hazina jina la mtunzi. Wimbo wetu wa matoleo wa Krismasi, ambao parokia nzima huuimba bila kitabu, juu yake pameandikwa "Taratibu" na hakuna zaidi. Wengi wetu katika ofisi hatukuwa tumezaliwa ulipotungwa. Mama mmoja wa soprano anasema ni wa mwalimu wa kwanza wa kwaya. Mzee mmoja wa besi anasema la, uliletwa na katekista. Wote wawili wako nasi leo, Mungu awape uzima, na tumeandika maneno ya wote wawili.

Kamati imekubali kwamba mwaka huu wa jubilei nyimbo zote zinakiliwe katika kitabu kimoja, kwa solfa, sauti nne, na kila wimbo uwe na jina la mtunzi, mwaka, na aliyetufundisha. Palipo na ubishi, majina yote yataandikwa. Mwenye daftari la zamani nyumbani, hata likiwa limeliwa na mchwa, alilete. Tutalinakili na kulirudisha. Asiye na daftari lakini anakumbuka, aje aimbe, sisi tutaandika. Tunakuwa katika chumba cha mazoezi kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana, na tutaanza na ule wimbo wa matoleo.