Hasira, Mvua na Mlungu: Suala la Mateso katika Historia ya Taita

Kata ya Mboghoni, iliyoko upande wa Taveta katika Kaunti ya Taita Taveta, huishi kwa maji ya Mto Lumi. Maji hayo hutoka upande wa Kilimanjaro, hupitishwa mashambani kwa mifereji na kustawisha migomba, na yanayobaki huteremka hadi Ziwa Jipe. Mvua inapozidi huko juu, mto huo huo huvunja kingo zake na kuyafunika mashamba uliyoyalisha. Mkulima aliyeamka na kukuta migomba yake imelala kifudifudi ndani ya tope ana haki ya kuuliza: ni nani aliyetaka jambo hili litokee?

Katika falsafa ya Ulaya swali hilo lina sura yake maalumu. Tangu zama za Wayunani, na hasa katika hoja inayonasibishwa na Epicurus, limeulizwa hivi: ikiwa Mungu anaweza kuuondoa uovu lakini hataki, wema wake uko wapi? Na ikiwa anataka lakini hawezi, uko wapi uwezo wake? Leibniz alijaribu kumtetea Mungu katika kitabu chake cha mwaka 1710. Baada ya tetemeko la ardhi lililoiangamiza Lisbon mwaka 1755, Voltaire aliufanyia mzaha utetezi wa namna hiyo. Katika mjadala huo wote Mungu ndiye mshitakiwa, na mwanafalsafa ni hakimu au wakili wake. Ingekuwa kosa kudhani kwamba kila jamii ililiuliza swali la mateso kwa kuketi katika baraza la namna hiyo.

Ushahidi ulio bora kwa eneo hili hautoki Taveta bali katika vilima vya jirani, kwa Wataita. (Si haki kuwachanganya Wataveta na Wataita, kosa ambalo jina la kaunti lenyewe hulichochea, kila watu wana lugha yao na mila zao.) Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huko mwanzoni mwa miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1978 kitabu kiitwacho Casting Out Anger. Kiini cha maelezo yake ni tendo la kutasa. Mwenye kutasa hutia kinywani pombe au maji ya muwa, huyapuliza nje, na papo hapo hutamka maneno ya kuiondoa hasira moyoni mwake na kuwatakia heri wenzake. Fikra iliyo nyuma ya tendo hilo ni nzito kuliko tendo lenyewe linavyoonekana. Hasira iliyofichika moyoni inaweza kuleta maradhi, utasa au kifo cha mifugo, hata kama mwenye hasira hiyo hakukusudia madhara, na pengine hata bila yeye kujua kwamba amekasirika. Tena mara nyingi hasira hiyo ni ya haki: mzee amenyimwa heshima yake, mzazi hakupewa alichostahili. Mwenye hasira aweza kuwa jamaa aliye hai, mhenga, au Mlungu mwenyewe. Kwa hiyo mtu alipofikwa na msiba, aliyekwenda kwa mpiga ramli hakwenda kuuliza kama Mlungu yupo, wala kama ni mwema. Aliuliza ni moyo wa nani ulio na hasira.

Tofauti hii si ndogo. Swali la Epicurus humwacha anayeteseka na hoja mkononi. Swali la Mtaita humwacha na kazi ya kufanya, yaani kumwendea aliyekasirika na kumwomba atase. Walakini lina ukali wake. Mtoto mchanga anaugua kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa, na hakuna anayeona haja ya kueleza kwa nini iwe hivyo. Isitoshe, mahali ambapo kila dhara lina moyo lilikotoka, mgeni hana budi kujichunga.

J. A. Wray wa Church Missionary Society aliligundua jambo hilo kwa tabu. Alifika Sagala, kilima kilicho karibu na Voi, mwaka 1883. Muda mfupi baadaye mvua ilikosekana, ikaja njaa ya 1884 inayokumbukwa kwa jina la Mwakisenge. Mgeni huyo, ambaye alijitangaza kuwa na habari za Mungu kuliko wenyeji, alishukiwa kuwa ndiye anayeizuia mvua. Mmisionari aliona ushirikina katika shutuma hiyo. Lakini kwa mantiki ya wazee ilikuwa na maana kamili: mtu anayedai kuwa karibu na Mlungu, asiyeshiriki katika matambiko ya mvua, ana nini moyoni? Wray aliondoka pamoja na baadhi ya wenye njaa kwenda Rabai, na baadaye akarudi Sagala. Mwaka 1894 kilichapishwa kitabu chake cha mwanzo cha kufundishia lugha hiyo.

Hapo ndipo suala la lugha linapoingia. Aliyetafsiri Injili kwa kutumia jina la Mlungu hakupokea neno tupu. Alipokea Mlungu ambaye, kama wazee, alikuwa na hasira, na ambaye hasira yake iliweza kutulizwa. Kwa kweli pande zote mbili zilikubaliana kwamba Mungu hukasirika. Zilihitilafiana juu ya dawa tu: mmoja alisema hasira hiyo ilikwisha kutulizwa mara moja msalabani, wengine walijua kwamba hasira hurudi na sharti itolewe tena na tena. Mfano wa Waacholi wa Uganda ni mkali zaidi. Okot p'Bitek ameeleza jinsi wamisionari mwaka 1911 walivyowashikilia wazee wataje aliyewaumba. Wazee hawakuwa na jawabu. Walipozidi kubanwa waulizwe ni nani aliyewafinyanga, mwishowe walitaja jina la Rubanga, pepo avunjaye migongo ya watu na kuwatia vibyongo. Jina la mtesaji likawa jina la Muumba. Inawezekana kwamba hakuna mwanafalsafa aliyelieleza tatizo la uovu kwa ufupi kuliko kosa hilo la tafsiri.

Hata hivyo fikra ya kutasa ilikuwa na mpaka wake, na mpaka huo ulionekana Kasigau. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani yalikiteka kilima hicho. Waingereza waliwatuhumu wenyeji kuwa waliwasaidia adui, wakawahamisha hadi Malindi, ambako wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Walionusurika hawakuruhusiwa kurejea kwao hadi miaka ya 1930. Hapa palikuwa na hasira dhahiri, na mwenye hasira alijulikana bila ramli. Lakini serikali haikuwa jamaa wala mhenga. Hapakuwa na desturi ya kuifuata na kuitaka itase, wala serikali haikuhisi kwamba ina moyo wa kusafishwa. Tatizo la mateso lililoulizwa kwa karne nyingi ndani ya mzunguko wa ukoo lilikutana na mtesaji aliye nje ya mzunguko huo, na ni vigumu kuona ni kwa neno gani la Kitaita wazee wangalimwita.

Pengine ndiyo maana kutasa halijapata mwenziwe katika Kiswahili. Kuomba humwelekea mwingine, kutambika huwaelekea wahenga, na kusamehe huanza na kosa linalojulikana. Mwenye kutasa huanza na moyo wake mwenyewe, kwa kuwa huenda ndio uliomletea jirani mafuriko.