Pamba na Posho: Chakula cha Njiani Katika Historia Yetu

Nilipowaandaa wanafunzi wangu kwenda kupanda vilima vilivyo mashariki ya Bujumbura, niliwaambia kila mmoja aje na pamba yake. Asubuhi ya safari, mvulana mmoja wa mjini, ambaye Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani kwao, alinikabidhi kwa adabu furushi la pamba nyeupe ya dukani, ile ya kusafishia vidonda. Alidhani mwalimu anajihadhari na ajali. Msichana aliyelelewa shambani, ambaye Kiswahili chake ni cha kujifunza, alikuja na karanga na punje za mahindi zilizokaangwa kwa chumvi, zimefungwa vizuri katika jani la mgomba. Yeye hakutatizika hata kidogo, maana Kirundi huita chakula cha njiani impamba, na pamba ya nguo huiita ipamba.

Wenzake walimcheka yule mvulana, nami nikaona haya, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Neno pamba kwa maana ya chakula achukuacho msafiri limo katika kamusi za Kiswahili, tena ni la asili ya Kibantu kabisa, lakini ni nani kati yetu anayelifundisha? Lile tulilolizoea ni posho. Na maneno haya mawili, ndugu walimu, hayalingani. Pamba ni chakula akiandaacho mtu mwenyewe, au akiandaliwacho na mama au mke wake, kabla ya kuondoka. Posho ni chakula apimiwacho na mwenye safari. Tofauti hiyo yaonekana ndogo mpaka mtu atazame yaliyowapata wapagazi wetu.

Tuanze na hesabu. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji, mpagazi alibeba mzigo wa kadiri ya kilo 30. Posho yake, kama alivyoieleza Richard Burton aliyesafiri njia hiyo mwaka 1857, ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yaani karibu gramu 700. Vibaba vinne ni pishi moja. Basi watu 100 walikula pishi 25 kila siku, nazo ni mizigo miwili na zaidi. Mtu ambaye hakubeba kitu ila chakula chake mwenyewe angekimaliza kwa siku 40 na ushei. Burton alitumia zaidi ya miezi saba kutoka pwani hadi Ujiji, alikofika Februari 1858, ingawa sehemu ya muda huo alikuwa amepumzika Tabora.

Kwa hiyo msafara haukuweza kujilisha kwa ulichobeba. Ulinunua chakula vijijini kwa merikani, kaniki na shanga. Mara nyingi mpagazi hakupewa nafaka, bali alipewa kipande cha nguo au kete ya shanga akajinunulie. Palipokuwa na mavuno mema alishiba na kubakiza. Palipokuwa na ukame, kama ilivyotokea mara kwa mara Ugogo, nguo ile ile ilimpa chakula kidogo. Mbele ya Ugogo palikuwa na nyika ya Mgunda Mkali, ambako katika miaka ile ya 1850 mtu aliweza kwenda siku kadhaa asione soko. Aidha palikuwa na mwendo ulioitwa terekeza: kuondoka alasiri, kulala mahali pasipo maji, na kufika kisimani kesho yake. Mtama mbichi una faida gani hapo? Hauna maji ya kupikia, wala mwenye nao hana nguvu ya kuutwanga. Chakula kilichokwisha kukaangwa huliwa mtu akitembea. Katika nyika kama hiyo, ngumi moja ya karanga ilikuwa na thamani kuliko kibaba kizima cha nafaka.

Hata muhogo, ambao wengi huudhania kuwa ni chakula kisicho na madhara, wataka mkono wa mjuzi. Miaka ya 1887 na 1888, watu wa Stanley walioachwa nyuma Yambuya, penye mto Aruwimi, ambao wengi wao walikuwa Waunguja, walikufa kwa wingi, na moja ya sababu ilikuwa muhogo mchungu walioula bila kuuandaa ipasavyo. Muhogo huo hutoa sumu ya sianidi, ambayo hupungua sana ukilowekwa siku kadhaa na kuanikwa juani. Makopa, basi, ni chakula kikavu, chepesi kubebeka, ambacho sumu yake imekwisha kupunguzwa nyumbani.

Msiba mkubwa kuliko yote ulikuja na vita vya 1914 hadi 1918. Serikali za kikoloni zilichukua mamia ya maelfu ya watu wabebe mizigo ya majeshi. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kimetuachia jina la Kariakoo katika Dar es Salaam na Kariokor katika Nairobi. Nao Wabelgiji, waliouteka mji wa Tabora Septemba 1916, waliwachukua watu wa huku kwetu. Posho ya Waingereza ilikuwa hasa unga wa mahindi, na kati ya waliopewa walikuwamo watu waliokulia ndizi, wasioujua unga. Unga ulikuwa wa chenga, kuni zilikuwa zimelowa, na watu walikuwa wamechoka. Wakala uji usioiva, wakapatwa na kuhara damu. Makumi ya maelfu walikufa, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Pamba zao zilikuwa zimebaki nyumbani.

Baada ya vita hivyo neno posho lilizidi kuenea, kwa kuwa mashamba, reli na migodi vililisha watu kwa kipimo. Katika Uganda likawa jina la ugali wenyewe wa mahindi; Kenya wakapata kinu cha posho; Tanzania likawa fedha ya kujikimu, hata ya mbunge. Katika migodi ya Katanga posho iligawiwa kwa juma, na wengi huhusisha na desturi hiyo neno la Kilingala mposo, ambalo maana yake ni juma. Ajabu ya neno: lilitoka katika chungu likaingia katika kalenda!

Atakaye kuandaa pamba na wanafunzi wake, na achukue kibaba kimoja cha karanga na nusu kibaba cha mahindi yaliyolowekwa usiku kucha kisha yakakaushwa. Avikaange mbalimbali kwa moto mdogo, kwa kuwa karanga huungua upesi. Aongeze ufuta kidogo, chumvi, na ndizi kavu zilizokatwa vipande. Hapana budi vyote vipoe kabisa kabla ya kufungwa, maana mvuke huleta ukungu; na karanga yenye ukungu itupwe, kwani yaweza kuwa na sumukuvu, ambayo moto wa kukaangia hauimalizi. Kilo moja ya karanga ina kadiri ya kalori 5,600, na ya unga wa mahindi 3,600, tena karanga hazidai maji wala sufuria. (Karanga, mahindi na muhogo vyote vilitoka Amerika baada ya karne ya 15. Tuwe na haya kidogo tunapoviita chakula cha mababu. Ufuta na mtama ni wenyeji zaidi.)

Msichana yule aligawa pamba yake kwa darasa zima tulipofika juu, na yule mvulana alipata fungu la kwanza. Juma lililofuata nilisahihisha insha zao. Mwanafunzi mmoja, aliyewahi kusoma Uganda, alikuwa ameandika kwamba jioni ile walikula posho na maharage. Kalamu yangu nyekundu ilikuwa imekwisha kupiga mstari. Niliufuta, nikaandika pembeni: “Eleza neno hili limetoka wapi.”